Sampuli ya Bure Kutoka kwa Daktari: Ipitishe Dirishani Kabla ya Kuimeza

Daktari anafungua droo, anatoa kisanduku kidogo chenye tembe saba, anakwambia, "Anza na hizi, hulipi kitu." Kwa mtu aliyekuja Lamu mjini kwa mashua kutoka Faza, au aliyeteremka Malindi kwa matatu ya Marafa na nauli ya kurudi ndiyo pesa pekee iliyobaki mfukoni, hapo amesaidiwa. Pokea, na shukuru. Lakini ujue kuna kitu kimerukwa.

Kilichorukwa ni dirisha la dawa. Dawa ya kawaida husomwa na watu wawili. Daktari huandika, kisha mtu wa dirishani husoma alichoandika. Huyu wa pili ndiye anayekuuliza kama una mimba, ndiye anayegundua kwamba hii na ile unayomeza tangu mwaka jana ni dawa moja yenye majina mawili, ndiye anayeandika 1×2 juu ya kibahasha na kukukumbusha ule kwanza. Jina lako na jina la dawa hubaki kwake. Sampuli hutoka drooni ikaingia mkobani mwako bila kupita popote pale. Hatua zinazofuata ni za kuirudisha kwenye njia hiyo, na nyingi hazina gharama.

Kwanza, zatoka wapi?

Huletwa na wale tunaowaita marep, wawakilishi wa kampuni za dawa, wanaokuja na mikoba yao na kungoja foleni ya wagonjwa ipungue ndipo waingie kwa daktari. Ni kazi halali na wengi wao wanazijua dawa zao vizuri. Ila kampuni haina haja ya kugawa bure dawa ya zamani ambayo kila duka linayo kwa bei ndogo. Hugawa ile inayotaka daktari aizoee kuiandika na mgonjwa aizoee kuimeza, na mara nyingi hiyo ni mpya, au ni ghali, au yote mawili.

Upya wenyewe una hatari yake. Dawa hujaribiwa kwa watu elfu chache kabla ya kuuzwa, na madhara yasiyotokea mara kwa mara huja kuonekana ikishamezwa na mamilioni. Vioxx, dawa ya maumivu ya viungo ya kampuni ya Merck, iliingia sokoni mwaka 1999 na ikagawiwa sana kwa sampuli huko Marekani. Septemba 2004 kampuni yenyewe iliiondoa duniani kote, baada ya kuonekana kwamba inaongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Marekani walikuwa wamekwisha kuona kwamba sampuli zahitaji kamba: sheria yao ya mwaka 1987 inakataza kabisa kuziuza, na inamtaka daktari azitilie saini anapoziomba. Kwa hiyo ukiona duka, liwe Malindi au Langoni kule Lamu, linauza kisanduku kilichoandikwa NOT FOR SALE, usinunue hata ukipunguziwa bei. Hujui kimepita mikononi mwa nani.

Hatua ya 1: Uliza ungali kitini

Swali la kwanza ndilo zito kuliko yote, na wengi hawaliulizi: "Daktari, samahani, kama hii isingekuwapo hapa drooni, ungeniandikia dawa gani?"

Akijibu "hiyo hiyo," vyema, endelea. Akitaja nyingine, muulize kwa nini asikuandikie hiyo. Huenda ana sababu nzuri, kwa mfano anataka kuona kama mwili wako utaikubali hii kabla hujatoa pesa. Huenda pia sababu ni kwamba hii iko karibu na mkono. Daktari naye ni binadamu, na anayekuonea huruma hukupa alicho nacho, si lazima kiwe ndicho angechagua akiwa na duka zima mbele yake.

Swali la pili: "Zikiisha hizi, naendelea na nini, na ni pesa ngapi?" Liulize hapo hapo, kwa sababu dawa ya presha au ya sukari huwa haina mwisho wa wiki moja. Tembe saba za bure zikifuatwa na pakiti ya shilingi elfu kadhaa kila mwezi, hiyo si bure tena. Na kwa mtu wa Lamu kuna swali jingine ndani yake: inapatikana kisiwani, au kila mwezi nitaiagizia Mombasa?

Kisha mwombe aandike. Daftari lako la hospitali ulilokuja nalo liwekwe mezani: jina la dawa, nguvu yake kwa miligramu, tembe ngapi, mara ngapi, siku ngapi, ya ugonjwa gani. Ukizidiwa usiku ukapelekwa hospitali ya kaunti ya King Fahd, au ile ya Malindi, anayekupokea hajui droo ya kliniki ile ilikuwa na nini. Atasoma daftari.

Wazee wetu huona haya. Mama mtu mzima atatikisa kichwa tangu mwanzo hadi mwisho, "haya daktari, haya mwanangu," kisha akifika nyumbani amuulize mjukuu, "Hivi vidonge alisema nimeze lini?" Basi mjukuu na aingie naye chumbani. Aseme yeye: "Daktari, nyanya ana presha na sukari, na dawa anazomeza ni hizi hapa." Si utovu wa adabu, na daktari anayeikasirikia kauli hiyo ana shida yake nyingine.

Hatua ya 2: Soma kisanduku

Tafuta EXP. Ikiandikwa mwezi na mwaka tu, dawa ni nzima hadi siku ya mwisho ya mwezi huo. Sampuli hukaa drooni bila mtu anayezihesabu kila mwezi kama stoo ya dawa inavyohesabiwa, kwa hivyo usidhani mtu ameshakutazamia.

Shida kubwa zaidi ni vidonge vya kukatwa. Tarehe na nambari ya bechi, yaani ya fungu la dawa zilizotengenezwa pamoja, hupigwa muhuri kwenye ncha moja ya pakiti. Daktari akikukatia vidonge vitatu kutoka upande wa pili, umebeba dawa isiyo na tarehe, isiyo na bechi, na pengine hata jina limekatika katikati. Omba apige picha kwa simu yako ncha ile iliyobaki, au akuandikie nambari zake daftarini.

Hiyo nambari ya bechi watu huiona kama mapambo. Kazi yake ilionekana mwaka 2018, dawa za presha zenye valsartan zilipoitishwa kurudishwa katika nchi nyingi baada ya kukutwa na uchafu wa kemikali unaoweza kuleta saratani. Hazikuwa zote, zilikuwa za viwanda fulani na bechi fulani. Aliyenunua duka lenye rekodi angeweza kutafutwa. Aliyepewa sampuli angejijua mwenyewe tu, kama ameihifadhi nambari.

Tazama pia kama ndani mna kikaratasi cha maelezo. Kama hakuna, mfamasia anaweza kukupatia maelezo ya dawa hiyo hiyo, ndiyo sababu mojawapo ya hatua ya tatu.

Na neno moja kwa wenye pumu na wenye sukari. Marep huacha kliniki inhela na kalamu za insulini za kufundishia, ambazo ndani hazina dawa kabisa. Kazi yake ni kumwonyesha mgonjwa namna ya kuvuta au kudunga. Huandikwa DEMO, PLACEBO, au maneno kwamba ni ya mafunzo, tena kwa herufi ndogo. Zikichanganyika drooni na zile za kweli, mtu anaweza kupanda boti na inhela tupu akiamini ana kinga. Isome ubavuni herufi zote kabla hujaitia mfukoni.

Hatua ya 3: Ipeleke dirishani, pamoja na dawa zako zote

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Kusanya kila unachomeza nyumbani ukitie kwenye mfuko mmoja: za presha, za sukari, za maumivu ulizonunua dukani kwa Mpemba, vidonge vya uzazi wa mpango, za kikohozi, unga wa mwarobaini, chochote. Usichague. Nenda kwenye dirisha la hospitali au duka la dawa lililosajiliwa. Maduka yaliyosajiliwa na Bodi ya Famasi na Sumu huwa na kibandiko chenye msimbo unaoweza kuuhakiki kwa ujumbe wa simu, na maelezo yake yako pale pale kwenye kibandiko. Ukiwa huna uhakika, hakiki. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa 1 kati ya 10 za tiba ni bandia au duni, na sisi tumo katika nchi hizo.

Sema wazi: "Nimepewa hii na daktari kama sampuli. Naomba uniangalizie kama inapatana na hizi zangu." Huendi kununua, unaenda kuuliza, na mfamasia anayeijua kazi yake hatakufukuza. Epuka saa za msongamano tu.

Anachotafuta kwanza ni dawa moja kumezwa mara mbili. Kila dawa ina jina lake lenyewe na jina la biashara. La biashara ndilo lenye herufi kubwa na rangi, jina la dawa yenyewe limejibana chini. Sampuli nyingi za presha siku hizi ni tembe yenye dawa mbili au tatu ndani yake. Chukua mama anayemeza amlodipine aliyopewa zahanati. Daktari wa kliniki anampa sampuli ya tembe yenye telmisartan na amlodipine, yenye jina la kampuni lisilofanana na lolote kati ya hayo. Mama anaona kisanduku kipya na dawa mpya, anaendelea na ile ya zamani juu yake. Baada ya siku chache miguu imevimba, akisimama kuswali kichwa kinazunguka, na nyumbani watu wanasema presha imempanda, wamuongezee. Tembe zote mbili zilikuwa nzima. Hakuna aliyesoma jina lile la chini.

Dawa za maumivu ni vivyo hivyo. Diclofenac ya sampuli juu ya ibuprofen ya dukani ni kuliongezea tumbo vidonda. Paracetamol imejificha ndani ya dawa nyingi za mafua, na mtu mzima haitakiwi ipite gramu 4 kwa siku zikijumlishwa zote.

Baada ya hapo ni dawa zinazogombana. Ukiwa unameza enalapril au losartan za presha pamoja na ile ya kukojoza maji, kisha ukaongezewa diclofenac au ibuprofen, figo zako zinabanwa pande tatu. Mwenye warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, akipewa dawa ya maumivu ya aina hiyo anaweza kuvuja damu ndani. Rifampicin ya kifua kikuu huvunja nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, na wako walioshangaa kupata mimba wasijue sababu. Mwenye kutumia dolutegravir, dawa ya virusi vya UKIMWI, hapaswi kuimeza pamoja na dawa ya kiungulia ya kutuliza asidi: aitangulize kwa saa 2, au angoje saa 6 baada yake. Kama hutaki foleni isikie unatumia nini, omba mzungumze pembeni. Ni haki yako, na wahudumu wamezoea.

Sampuli za nguvu za kiume nazo zina mambo yake. Hupokewa kwa kicheko, hutiwa mfuko wa kanzu, na hazitajwi dirishani abadan. Sildenafil ikikutana na dawa ya kifua cha moyo kama nitroglycerin au isosorbide, presha huporomoka kiasi cha kuua. Mzee anayetibiwa moyo asiimeze mpaka aliyemwandikia dawa za moyo ajue. Kama kusema ni tabu, andika jina kwenye karatasi umkabidhi mfamasia. Atasoma, atajibu, basi.

Mfamasia pia ataka kujua mambo matatu ambayo droo haikuuliza. Je, una mimba au unaitarajia? Dawa za presha za jamii ya enalapril na losartan humdhuru mtoto tumboni. Je, kuna dawa iliyokudhuru zamani? Wako wenye mzio wa salfa, wanakumbuka tu kwamba "nilitoka malengelenge nilipomeza dawa ya malaria," na hiyo kumbukumbu ni ya thamani, iseme. La tatu ni upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu; ni upungufu wa kurithi, ambao upo sana huku kwetu kwa sababu ya historia ndefu ya malaria. Mwenye nao akimeza primaquine, dapsone au nitrofurantoin, chembe za damu zinaweza kupasuka, mkojo ukawa wa rangi ya chai ya rangi. Kama jambo hilo limewahi kutokea kwenu, litaje hata kama hakuna aliyepimwa.

Mwisho, mwombe akutilie sampuli kwenye kibahasha na aandike: jina lako, dawa, 1×1 au 1×2, kabla au baada ya chakula. Sasa imepita dirishani.

Hatua ya 4: Fikiria joto ililopita na joto litakalokuja

Visanduku vingi huandikwa vihifadhiwe chini ya nyuzi 25 au chini ya 30. Msimu wa kaskazi, Januari hadi Machi, Malindi hupita nyuzi 30 mchana kivulini, na ndani ya gari lililofungwa juani joto hupita 45 bila shida. Sampuli zimesafiri katika buti la gari la rep, zikangoja boti gatini Mokowe ndani ya mkoba, zikavuka, zikakaa droo ya chumba ambacho umeme hukatika. Stoo ya dawa ina kipimajoto ukutani na mtu wa kukiandika. Droo haina.

Baadhi ya dawa huvumilia. Nyingine husema zenyewe zikiharibika: aspirini hunuka siki, tembe za amoxicillin na clavulanic hugeuka kahawia, kapsuli hushikana, dawa ya kutiwa njia ya haja kubwa huyeyuka. Zilizo hatari ni zile zinazoharibika kimya. Insulini isiyofunguliwa hukaa friji kati ya nyuzi 2 na 8, na ikiganda au ikipikwa na jua haionyeshi kila mara. Ukipewa sampuli ya insulini, uliza ilikuwa friji gani, na kama jibu ni droo, irudishe. Vidonge vya nitroglycerin hupoteza nguvu vikitolewa chupani mwake, kwa hiyo usivipokee vikiwa kwenye karatasi.

Safarini, usiweke dawa juu ya paa la matatu wala kwenye sitaha ya boti juani. Ya friji ibebe kwenye chupa ya chai ya mdomo mpana yenye barafu chini, kitambaa kinene katikati, dawa juu, isigusane na barafu. Nyumbani iweke kabati la chumba chenye hewa, mbali na jiko na mbali na choo. Nyumba za mawe za Mkomani, Lamu, zina vidaka ukutani vyenye ubaridi mzuri, ila viwe vya juu, mtoto asifikie.

Hatua ya 5: Dozi ya kwanza

Usiianze siku ya safari. Baadhi ya dawa za presha, na zile za tezi dume kama prazosin na tamsulosin, zaweza kumwangusha mtu baada ya dozi ya kwanza anaposimama ghafla. Kuanguka sebuleni ni jambo moja, kuanguka ukikanyaga ngazi ya gati wakati wa kusi ni jingine. Ianze ukiwa nyumbani, kuna mtu karibu, na siku ambayo zahanati iko wazi. Mtu wa Kizingitini afikirie boti ya dharura ataitoa wapi saa sita za usiku. Dawa za mzio na mafua zinazolaza usingizi, nahodha na mwendesha bodaboda wasizimeze kabla ya kazi, hata kama ni za bure na makamasi yanawatoka.

Ramadhani ina hesabu yake. Kisanduku kinasema mara tatu kwa siku, nawe una futari na daku tu. Usizirundike mbili usiku kwa kukisia. Mwenye sukari anayetumia glibenclamide au gliclazide ni lazima apangiwe upya na daktari kabla ya mwandamo, kwa sababu sukari inaweza kushuka mchana hadi azimie. Sampuli ya dawa mpya ya sukari isianzwe ndani ya Ramadhani ila kwa maelekezo ya wazi yaliyoandikwa.

Hatua ya 6: Ihesabu kabla haijaisha

Siku ya kwanza tu, mimina tembe, hesabu, tia alama kwenye kalenda siku zitakayoisha. Siku tatu kabla yake uwe na karatasi ya kununulia, au umerudi kliniki.

Ziko dawa zisizokatwa ghafla. Atenolol na ndugu zake, za presha na moyo, zikiachwa ghafla, moyo unaweza kwenda mbio na kifua kubana. Za kifafa zikikatika, kifafa hurudi, pengine kwa nguvu kuliko zamani. Prednisolone iliyomezwa kwa wiki kadhaa, na dawa za sonona, hupunguzwa polepole kwa ratiba. Ukipewa sampuli ya dawa za namna hii bila karatasi ya kuendelea, omba karatasi kabla hujaianza.

Antibayotiki ni kinyume chake: tatizo ni kutotosha. Tembe tatu za sampuli kwa ugonjwa unaotaka siku tano au saba zitakupa nafuu ya kukudanganya, na wadudu waliobaki ndio wagumu. Kama sampuli haifiki mwisho wa dozi, nunua kilichobaki siku ile ile, dawa ile ile, nguvu ile ile.

Dalili za kukimbilia hospitali

Midomo, ulimi au koo kuvimba. Kupumua kwa shida. Vipele vinavyotoka pamoja na vidonda mdomoni au macho mekundu, ngozi ikaanza kuchunika. Mkojo mweusi, macho ya manjano. Choo cheusi kama lami. Kuzimia. Katika haya usingoje asubuhi. Beba kisanduku, hata kama kimebaki kitupu.

Kwa madhara madogo, rudi kwa aliyekupa, umwambie. Mwambie pia mfamasia au muuguzi ajaze fomu ya manjano ya Bodi ya Famasi na Sumu, ambayo ni ya madhara ya dawa. Dawa iliyobadilika rangi, iliyomung'unyika au unayoishuku kuwa bandia ina fomu ya waridi. Zote hutumwa pia kwa mtandao. Watu hufikiri kulalamika kutamharibia daktari jina. Fomu haina mashtaka, inauliza dawa, bechi na kilichotokea, na sasa unajua kwa nini ulihifadhi ile bechi.

Usigawe, na usihifadhi ya akiba

Sampuli ilitoka kwa mtu aliyekuona wewe. Jirani mwenye "presha kama yako" hana figo zako. Tabia yetu ya kupeana kila kitu ni nzuri kwa mahamri, si kwa hizi. Na visanduku hivi vidogo vina rangi za peremende: tembe moja ya glibenclamide au ya amlodipine inaweza kumuua mtoto wa miaka miwili. Usiziache kwenye mkoba unaoning'inia kitandani.

Malindi tuna aina nyingine ya dawa za bure, zile zinazoachwa na wageni wakifunga nyumba kurudi kwao. Kisanduku kina maandishi ya Kiitaliano, mlinzi au mpishi anaambiwa "chukua, ni nzuri." Huku hakuna hata daktari aliyeitoa. Ukiona Scad. ndiyo tarehe ya kuisha. Yaliyobaki humo msomee mfamasia, na kama hakuitambua, isimezwe.

Zilizobaki na zilizopitwa na wakati zirudishe hospitalini au duka la dawa linalokubali kuzipokea. Ikishindikana, zitoe kwenye pakiti, zichanganye na makapi ya kahawa au majivu na maji kidogo, funga ndani ya mfuko, tia kwenye taka zinazochukuliwa. Usizitupe baharini wala chooni, na usiziache jaani ambako punda na watoto hupekua. Sindano na kalamu za insulini zitie kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, andika SINDANO kwa nje, uipeleke kituo cha afya ikijaa.